Mstari wa Kumi na Saba

Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu juu ya kipande cha plasta, na plasta ilikuwa imebandikwa kwenye fremu ya kompyuta, upande wa kulia. Herufi sita. Yeyote aliyefika kugongewa muhuri wa kuvuka ziwa aliweza kuzisoma huku akingoja zamu yake. Mimi nilizisoma wiki tatu nzima bila kuzitumia, na hadi leo najiuliza kama wiki hizo zinanihesabia wema wowote.

Siku hizi wafanyao nilichofanya huitwa wadukuzi, kana kwamba kazi hiyo inahitaji kipaji. Mimi sikuhitaji kipaji. Nilihitaji tu ofisa wa mpaka ashikwe na njaa saa saba mchana.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nimekuja Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kuandika tasnifu juu ya wanawake wanaovusha samaki wakavu na bidhaa nyingine kati ya ufuko wa Zambia na ule wa Kongo. Nimezaliwa mashariki, upande wa Tanganyika, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Huku watu husema Kibemba majumbani mwao. Kiswahili ni cha gatini na sokoni, kimevuka ziwa pamoja na wafanyabiashara, na nilipofungua kinywa wengi walitabasamu kwanza ndipo wakajibu.

Nilipanga chumba Kashikishi, hapo jirani, kwa mama mmoja wa ng'ambo aliyekuwa akiuza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa lile wanaoanikwa mchangani hadi wang'ae. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba ningependa, endapo hatajali, kumuuliza maswali machache.

"Weye unaongea sawa vile Biblia," alisema. "Uliza basi. Samaki inaungua."

Alikuwa mama wa mapacha, wasichana wawili wa miaka minane waliokaa ng'ambo na nyanya yao kwa ajili ya shule. Katika ufuko ule, mwanamke akizaa mapacha jina lake la kuzaliwa huwekwa kando kama nguo ya utotoni. Hupewa jina la heshima, lile lile wanalopewa mama wote wa mapacha, na tangu hapo anayemwita kwa jina la zamani anamtukana yeye na kuwaitia watoto wake ugonjwa. Jina lile la heshima sitaliandika hapa, wala lile la kuzaliwa; nitamwita Mama tu. Nimekwisha kuandika majina ya kutosha.

Katika daftari langu walikuwamo wanawake arobaini na mmoja. Kila mmoja alikuwa na mstari wake: jina, atokako, mara anazovuka kwa mwezi, idadi ya magunia, na nyumba anamolala akiwa upande huu. Msimamizi wangu alikuwa ameniagiza niwaandike jinsi jamii inavyowaita, nami nilitii kwa bidii ya mwanafunzi, hata mama wanne wa mapacha wakaingia wote kwa jina moja la heshima, nikiwatofautisha kwa mahali. Mwenye nyumba wangu alikuwa mstari wa kumi na saba. Niliwaahidi wote, mmoja mmoja, kwamba daftari lile halitasomwa na mtu mwingine.

Nilitimiza ahadi hiyo kuhusu daftari. Sikufikiria kompyuta.

Kompyuta pekee niliyoweza kuifikia ilikuwa ya ofisi ya mpaka, karibu na gati, na ofisa aliyeitunza hakuwa amefundishwa kuitumia. Tukapatana: mimi nichape kazi yangu asubuhi, na kwa malipo nimfundishe. Alikuwa mtu mpole, wa makamo, aliyeniita "ba mwalimu" kwa ile heshima ya Kibemba, nami nilifurahia kuitwa hivyo kuliko nilivyopaswa. Somo la tatu lilikuwa kunakili faili. Nilihitaji mfano, na jedwali langu lilikuwa wazi mbele yetu.

"Tazama," nilimwambia, "sasa lipo mahali pawili, na lile la kwanza halijapungua kitu."

Alishangaa kwa dhati. Akaomba afanye mwenyewe, akafanya, akafanya tena. Sikumwambia afute nakala zake. Somo la tano lilikuwa kuifunga faili kwa neno la siri, na kesho yake plasta ikatokea kwenye fremu, maana alihofia kulisahau.

Kisha vita vikaanza ng'ambo. Boti zilianza kuja zimejaa magodoro na mabakuli badala ya samaki, na ofisi ikaagizwa kutoka juu iandae orodha ya wasafiri wa kuzuiliwa gatini: wanaovuka mara kwa mara, na ambao huenda wanabeba ujumbe au vitu kwa ajili ya wapiganaji. Nilisikia habari hiyo kama mtu asikiavyo mvua inyeshayo kijiji cha pili. Nilikuwa na sura ya nne ya kumaliza.

Jumanne moja nilikuwa uani nikimsaidia Mama kupepeta chisense, alipoingia mfanyabiashara mwenzake, mwanamke wa mstari wa tisa. Alikuwa amelowa hadi magotini.

"Balinirudisha," alisema.

"Juu ya nini?" aliuliza Mama.

"Banasema niko mu liste. Bako na jina yangu. Bako na magunia yangu, sita kwa mwezi. Hata nyumba kwenye ninalalaka banayua."

"Nani aliwaambia bintu yote ile?"

"Mutu mwenye kuhesabu magunia ya bengine. Kama si muchawi, basi ni bwana yangu, na bwana yangu hayui kuhesabu."

Walicheka. Mimi niliendelea kupepeta ungo uliokuwa umekwisha kusafika. Magunia sita kwa mwezi: nilikuwa nimemuuliza swali hilo mimi, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alisema matano.

Mgeni alipoondoka, Mama alisema kwamba yeye ataondoka Alhamisi. Ilisemekana askari walikuwa mwendo wa siku chache tu kutoka mji alikokaa nyanya ya wasichana. Shule ilikuwa imefungwa, na watu wenye jamaa upande huu walikuwa wanawatoa watoto. "Ninakamata batoto mukono, huyu huku, huyu huku, tunarudi. Vile tu."

Nilianza kupanga uwezekano kichwani, kama nilivyofundishwa. Iwapo hayumo katika orodha, atakwenda na kurudi. Iwapo yumo na wakamzuia kwenda, mapacha watabaki na bibi kizee asiyeweza kukimbia. Iwapo watampitisha kwenda wakamkamata akirudi, basi watakuwa watatu upande ule badala ya wawili, nami nitakuwa nimelala katika nyumba yake. Nilipanga upya mara nyingi. Sikupata mpangilio ambamo mimi sikuwamo.

Kesho yake, saa saba mchana, ofisa alikwenda kula. Nilisubiri hadi sauti ya viatu vyake ilipopotea mchangani, nikavuta kiti, nikaandika zile herufi sita. Faili ilifunguka bila kusita. Nadhani nilitaka isite.

Orodha ilikuwa na mistari arobaini na minane. Saba ya mwisho ilikuwa ya wanaume nisiowajua, imechapwa vibaya, yenye nafasi zilizopotea. Arobaini na mmoja ya kwanza ilikuwa yangu. Ilikuwa na safu zangu na mpangilio wangu, hata kosa langu katika mstari wa thelathini ambalo nilikuwa nimekusudia kulirekebisha. Jambo moja tu lilikuwa limeongezwa, juu kabisa, kwa herufi kubwa: WASIPITISHWE BILA KUHOJIWA.

Nilikwenda mstari wa kumi na saba. Nikaufuta. Namba zikasogea, kumi na nane akawa kumi na saba, na kwa dakika kama mbili nilihisi nimefanya tendo. Kisha nikawaza juu ya mama wengine watatu wa mapacha, wenye jina lile lile, na juu ya mstari wa tisa, na kwamba kumtoa niliyemjua na kuwaacha nisiowajua sana kulikuwa namna nyingine ya kuandika orodha. Kidole changu kilikuwa bado hewani ofisa aliporudi, akitafuna.

Hakupaza sauti. Alitazama kioo, akaitazama plasta, akanitazama mimi.

"Ba mwalimu," alisema. "Unafuta nini?"

"Ni jedwali langu," nilisema. "Hawa ni wauza samaki. Hakuna hata mmoja aliyefanya kosa."

"Mimi najua, mukwai," alisema, kwa neno la adabu la Kibemba. Aliketi kwenye kiti cha wageni, kwa kuwa chake nilikuwa nimekikalia. "Walinipa siku mbili. Walisema, toa majina ya batu wanavuka sana. Mimi najua nani? Mimi napiga muhuri tu, sisomi. Ya kwako ilikuwa mu mashine, safi, na mistari. Nilisema Mungu amenisaidia."

"Basi niache niifute."

"Futa tu. Karatasi ziko gatini tangu Jumatatu. Disketi imeenda na basi, iko mbele huko kwa wakubwa." Akafikiri kidogo. "Wewe ulisema mwenyewe. Iko mahali pawili."

Nilimuuliza kama ataniripoti. Alisema kwamba akiandika kuwa niliingia, atalazimika kuandika pia neno lilikuwa wapi. Kisha, kama mtu anayelalamikia hali ya barabara, akaongeza kwamba orodha ile imewachosha gatini. Mlinzi alikuwa analinganisha karatasi za msafiri na majina ya orodha, lakini kwa kuwa karatasi nyingi ni mbovu, alikuwa pia anasikiliza jinsi wapagazi wanavyomwita mtu. "Jana wameshika bibi wa miaka sabini. Karatasi yake safi. Mupagazi alimusalimia tu, mama wa mapacha, basi, akakaa kwa jua mpaka saa kumi. Mama yangu mimi alizaa mapacha. Nimemwambia abaki nyumbani."

Nilitoka nikatembea ufukoni hadi boti za mwisho, nikarudi, nikaenda tena. Katika mzunguko wa tatu nilielewa alichoniambia. Kosa langu la kuandika jina la heshima badala ya jina la karatasi lilikuwa limeacha mlango wazi. Karatasi za Mama zilikuwa na jina lake la kuzaliwa, na jina hilo halikuwamo katika orodha yoyote duniani. Angeweza kupita, kwenda na kurudi, mradi gatini asitokee mtu hata mmoja wa kumheshimu.

Lakini kumwambia hivyo kulinilazimu nimwambie na mengine.

Nilimkuta uani akigeuza samaki.

"Mama, ni mimi," nilisema.

"Weye nini?"

"Ile orodha. Imetoka kwangu. Ni yale maswali yangu."

Aligeuza samaki wengine wanne au watano kabla ya kusema. "Uliuza?"

"Hapana."

"Balikupiga?"

"Hapana. Nilimfundisha ofisa kunakili. Niliwatumia ninyi kama mfano."

"Bure?"

"Bure."

"Afadhali ungeuza," alisema. "Mutu mwenye kuuza anayua bei."

Nilimweleza habari ya mlinzi, ya karatasi, ya wapagazi. Alinisikiliza akiwa ameshika samaki mmoja bila kumgeuza. Nilipomaliza aliniuliza kama nalijua jina lake la kuzaliwa. Nilikiri kwamba silijui.

"Ile njo kintu moja haukuandika," alisema, akanitajia. Lilikuwa jina fupi la kitoto. Alipolitamka alitazama pembeni, na mimi pia.

Akaniuliza mapacha wakiugua itakuwaje. Nilianza kueleza kwamba ugonjwa una visababishi vinavyojulikana, nikaona uso wake, nikaacha. Aliingia ndani, akarudi na udongo mweupe, akachora alama mbili kwenye kizingiti na mbili kwenye paji la uso wake, kisha akazifuta zile za usoni ili mlinzi asizione. Siamini mambo hayo. Nilizihesabu alama za kizingitini mara mbili kuhakikisha zimebaki mbili.

Alasiri tulikwenda kwa wapagazi na waendesha boti, kuwaomba kesho wamtaje kwa jina la kuzaliwa. Jambo hilo liliwashinda. Mpagazi mmoja mzee, aliyembebea magunia miaka yote, alisema mdomo wake utavimba. Mwingine alisema yeye ana mke mjamzito na hataki mambo.

"Bon," alisema Mama. "Profesa ataita wa kwanza. Yeye si mutu ya huku, ugonjwa haimuyui."

"Itamuyua tu," alisema mzee. "Ameandikisha bote." Kumbe habari zilikuwa zimekwisha kufika.

Alhamisi asubuhi upepo ulikuwa wa kusini na maji yalikuwa yamechafuka. Mlinzi alikuwa amesimama mwanzo wa gati, karatasi zake zimebanwa kwenye ubao na jiwe limewekwa juu zisipeperuke. Mbele ya Mama walikuwapo watu kama kumi. Nilikuwa nyuma, nimeshika kapu ambalo alikuwa ameliacha kwa makusudi. Alipobaki wa tatu kutoka mbele, nilimwita kwa lile jina tupu, kwa sauti ambayo mtu humwitia mtoto wa kutumwa.

"Weye," nilisema, "umesahau kapu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifunga mzigo alinigeukia kwa macho ambayo ningependa kuyasahau. Mama aligeuka akaitika kama msichana, "Eee," akalipokea kapu. Ndipo yule mpagazi mzee, akiwa ameinamisha kichwa, akasema naye lile jina, na kuongeza, "Kimbia, mutoto mubaya, boti haikungoji," na vijana wawili wakacheka kicheko cha hofu wakalirudia.

Mlinzi aliangalia karatasi yake. Kidole kikashuka kwenye orodha. Kilipita tisa, kikapita kumi na tano, kikafika kumi na saba kikakaa. Kwenye karatasi zile za Jumatatu alikuwa bado yumo. Kisha kidole kikaendelea hadi chini, kikageuza ukurasa, kikarudi. Akamrudishia karatasi.

Siku zilizofuata sikuandika neno. Nilihama kutoka kitini hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi gatini. Nilisikia kwamba mji ule umechukuliwa, kisha kwamba haujachukuliwa, kisha kwamba boti moja imezama kuelekea Kilwa, kisiwa cha humo ziwani, kisha kwamba haikuwa boti bali mtumbwi mtupu uliokatika kamba. Nilipita ofisini mara moja. Ofisa alikuwa ameibandua ile plasta na kubandika mpya. Herufi zilikuwa zile zile sita, kwa wino wa bluu.

Mama alirudi Jumapili, kengele ya kanisa ikilia. Boti ilikuwa imezama hadi karibu na ukingo kwa uzito wa watu. Nilimwona kwanza kwa kitambaa chake, kisha nikawaona wasichana wawili, magauni sawa, nywele zimesukwa sawa, mmoja kila mkono kama alivyosema.

Hapo ndipo nilipogundua nililokuwa nimesahau kulipanga. Aliondoka akiwa mwanamke mmoja na kapu. Sasa alikuwa anatembea na ushahidi. Mahali pale mapacha wakipita watu hupiga makofi na kumtaja mama yao kwa jina la heshima. Hawafikirii, ni kama kusema pole mtu akijikwaa. Wapagazi wote waliokuwapo walishika mikono yao nyuma. Hakuna aliyepiga kofi. Watoto walitazama huku na huku, wakishangaa kupokewa kimya.

Mlinzi aliwatazama: mmoja, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena. Alikuwa mtu wa ufuko ule. Alivua kofia, akapiga makofi mawili ya taratibu, akamtaja Mama kwa jina lile la heshima, kwa sauti ya kusikika.

Jina lilikaa hewani kati yake na ubao aliokuwa ameubana kwapani. Lilikuwa limeandikwa pale mara nne. Niliutazama mkono wake. Aliirudisha kofia kichwani, akauweka ubao chini, uso wa karatasi ukielekea mbao za gati, akalisogeza jiwe juu yake kwa mguu. Kisha akawauliza wasichana nani alizaliwa kwanza.

"Mimi," walisema wote wawili.

Mpaka leo sijui kama hakuliunganisha jina na orodha, au aliliunganisha akachagua kumpitisha. Nimeligeuza jambo hilo mara nyingi kuliko jambo lolote la tasnifu yangu.

Nyumbani Mama aliwaosha watoto, akawalisha, akawapapasa vipaji vya uso kutafuta homa, asiikute. Hakunishukuru, na sikuwa na haki ya kungoja shukrani. Alipomaliza alikuja akasimama mlangoni mwa chumba changu.

"Bengine bangapi?" aliuliza.

"Arobaini."

"Bale batatu ba mapacha niliambia. Banayua."

"Basi thelathini na saba," nilisema. "Wa tisa anajua kuwa yumo, lakini huenda bado hajui kwa mkono wa nani."

"Anza na ule wa Mununga. Iko mbali, na anavuka juma hii." Alinipa samaki wawili waliofungwa katika jani, akaenda kwa watoto wake.

Sikubeba daftari, nilikuwa na mistari yote kichwani. Nilipanda gari la mizigo asubuhi yake, nikafika Mununga kabla ya saa sita. Mwanamke wa mstari wa kwanza alikuwa mbele ya nyumba yake akitengeneza wavu. Aliponiona alisogeza kigoda, akakipangusa vumbi kwa kitambaa chake.

"Profesa, karibu," alisema. "Umesahau kuuliza nini?"